Sanaa ya Umma, Umma Usioulizwa

Kuna hoja inayorudiwa sana katika madarasa yetu, na mimi mwenyewe niliiandika katika insha ya mwaka wa kwanza nikatuzwa alama nzuri. Hoja yenyewe ni kwamba sanaa ya umma haistawi katika jamii zetu kwa sababu jamii hizo hazijaelimika kiasi cha kuithamini. Mwenye njaa, tunaambiwa, hana macho ya kutazamia sanamu. Mpe maji kwanza, mpe barabara, mpe kazi, mambo ya rangi na picha yatafuata. Leo naikana hoja hiyo, na kwa kuikana namkana pia yule mwanafunzi niliyekuwa miaka mitatu iliyopita. Jamii zetu zinaijua sanaa. Sanaa tunayozipelekea ndiyo isiyozijua, na aghalabu haina hata nia ya kuzijua.

Anayedai kwamba Mkenya wa kawaida hajali sanaa hajawahi kusimama kwenye steji ya matatu saa kumi na mbili ya jioni. Angewaona vijana waliochoka, wenye nauli ya kubahatisha, wakiacha magari mawili matupu yapite wakilingoja lile lililochorwa. Magari hayo, ambayo mtaani huitwa nganya, hubeba sura za wanamuziki, wachezaji mpira, manabii na wanasiasa. Mchoraji wake ni fundi wa jua kali. Hana mfadhili, hana hotuba ya ufunguzi, na akikosea pua ya mchezaji fulani ataambiwa siku hiyo hiyo, tena kwa lugha isiyo na staha. Wenzangu wa Tanzania wana daladala na maandishi yake, wana kanga, wana milango ya nakshi ya Unguja ambayo ilichongwa ikatazama barabarani ili mpita njia naye apate haki yake. Nani aliwaelimisha watu hawa kuthamini sanaa?

Serikali yetu ilijaribu kuifuta sanaa ya matatu. Kanuni tulizozoea kuziita Sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilianza kutekelezwa Februari 2004. Zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na hapo sina ubishi. Lakini zilileta pia mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu, na michoro ikahesabiwa kuwa sehemu ya fujo iliyopaswa kusafishwa. Michoro ilirudi. Haikurudishwa na warsha wala na semina. Abiria waliidai kwa nauli zao.

Basi tusiwasingizie watu upofu.

Nakuja kwenye kisa cha Eldoret, kwa kuwa ndicho kinachotajwa kila ninapozua mjadala huu bwenini. Mnamo Agosti 2024 mji huo ulikuwa ukijiandaa kutawazwa kuwa jiji, sherehe iliyofanyika tarehe 15 ya mwezi huo. Katika pilkapilka za kuupamba, sanamu za wanariadha zikasimamishwa mjini. Watu walipoziona wakacheka. Picha zikasambaa, nchi nzima ikacheka, na sanamu zikaondolewa. Wako waliokisoma kicheko hicho kuwa ushahidi kwamba Wakenya ni wakatili na hawajui uzito wa kazi ya msanii. Mimi nilikisoma kuwa uhakiki. Watu wa Eldoret na Iten huwaona wakimbiaji kila alfajiri kwenye barabara za vumbi. Wanajua bega la mkimbiaji linavyolegea, wanajua ndama wa mguu wake, wanajua kisigino kinavyogusa ardhi na kuiacha. Huwezi kumwekea mtu kama huyo mwanasesere wa saruji umwambie kwamba huyu ndiye bingwa wako. Alichokisema kwa kicheko ndicho ambacho sisi hukisema kwa kurasa kumi na tano tukiongeza jina la Aristotle.

Nakiri kwamba kicheko kile kilikuwa na uchungu wake. Kilimwangukia fundi aliyekanda saruji, wala si wale walioamua kwamba jiji lipambwe haraka kwa ajili ya siku moja. Hapo ndipo kwenye kiini cha malalamiko yangu. Sanaa ya umma kwetu hufanywa kwa kalenda ya sherehe. Mgeni wa heshima anakuja tarehe fulani, basi ukuta uwe umekauka tarehe fulani. Mfano mdogo wa udongo ukiwekwa sokoni kwa juma moja hutosha kukusanya uhakiki wote huo mapema, na udongo ni rahisi kuukanda upya. Ila nani ana juma moja?

Sasa niungame yangu.

Katika likizo ndefu baada ya mwaka wa kwanza, lilikuja mtaani kwetu shirika moja la sanaa. Sitalitaja, na halina tofauti na mengine kumi niliyoyaona baadaye. Lilipata idhini ya kuchora ukuta mrefu ulio kando ya steji, ukuta wa taasisi moja ambayo nayo sitaitaja. Chini ya ukuta huo walikuwa wakiuza mboga akina mama wanane au tisa. Walipachagua hapo kwa hesabu: ukuta hutoa kivuli kuanzia saa saba mchana, na abiria wakishuka kutoka mjini huteremkia upande huo, wakiwa na njaa ya usiku na chenji mkononi. Mradi ulikuwa wa kuwawezesha wanawake kwa njia ya sanaa. Nikaajiriwa kama mkalimani, kwa siku sita, kwa malipo ambayo kwa mwanafunzi yalikuwa makubwa. Nilifurahi. Nilimwambia mama yangu kwamba Kiswahili alichodhani hakitanilisha kimeanza kunilisha.

Mkutano wa kuishirikisha jamii ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Saa nne asubuhi mama mboga yuko wapi? Alikwenda sokoni saa kumi usiku, sasa anakata sukuma wiki na kuwapangia wateja mafungu. Waliokuja walikuwa vijana wasio na kazi, wazee wa nyumba kumi na mwakilishi wa mwakilishi wadi. Walikunywa chai, wakatia sahihi karatasi ya mahudhurio, wakapewa nauli. Mimi ndiye niliyeiandika baadaye, kwa lugha mbili, ile sentensi ya ripoti inayosema kwamba wanajamii walishirikishwa kikamilifu. Sikudanganya, kwa maana ya kisheria.

Wale akina mama waliombwa wasogee kwa siku chache ili rangi ikauke. Wakasogea. Ukutani akachorwa mama muuza mboga, urefu wa karibu mita tatu, kikapu kichwani, meno yote nje. Lazima niseme kweli: picha ilikuwa nzuri. Wachoraji walikuwa vijana wa Kenya, hodari, wanaojua kazi. Walikwangua plasta iliyooza, wakapaka andakoti mara mbili, wakapiga mistari ya miraba kwa uzi wa chaki ili uwiano usipotee. Kuwatazama wakifanya kazi nilijifunza mengi kuliko muhula mzima wa nadharia. Siku ya sita pakafunguliwa, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa.

Akina mama waliporudi wakakuta askari wa kanjo. Mahali pamekuwa pasafi sasa, wakaambiwa. Mkiegemeza magunia mtachafua mchoro. Wakahamia ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa mtaro, upande wa magari yanayokwenda mjini, ambako jua ni la moja kwa moja na abiria wana haraka. Mmoja wao, ambaye tangu utotoni mwangu alikuwa akiniongezea nyanya moja juu ya fungu, aliniita. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, yule mama mmemchora vizuri kweli. Tena ameachiwa kivuli peke yake." Hakusema kwa hasira. Aliendelea kukata mboga.

Nimeisimulia habari hii kwa wenzangu mara kadhaa, na jibu ninalopata ni kwamba kosa lilikuwa la kanjo, si la sanaa. Silikubali. Ukuta mchafu ni wa wanaoutumia. Ukuta uliopakwa rangi kwa fedha za mradi huwa mali ya mradi; unapata thamani, na kila kitu chenye thamani hupata mlinzi. Hilo si jambo la bahati mbaya. Msanii anayechora mahali penye watu anabadilisha bei ya mahali hapo, hata kama hakukusudia, na anayejua hivyo asiulize kwanza nani anakula kwa kupategemea hawezi kujitetea kwamba yeye alikuja na brashi tu.

Kuna jambo la lugha pia, na hapa ndipo ninapowalenga nyinyi mnaosoma mkusanyiko huu, walimu wangu mkiwemo. Juu ya picha ile kuliandikwa kaulimbiu kwa herufi za ukubwa wa debe. Kwa Kiingereza. Nilikuwa nimependekeza sentensi fupi ya Kiswahili, nikaambiwa kwa upole kwamba watakaoziona picha za mradi nje ya nchi hawataielewa. Nikanyamaza. Sasa hebu tukumbuke sanamu za Askari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakoloni wa Kiingereza waliwasimamishia askari na wapagazi wa Kiafrika sanamu za shaba katika miji yetu: ya Dar es Salaam ilisimamishwa mwaka 1927, ya Nairobi mwaka 1928, na Mombasa nayo ikapata yake. Wapagazi hao ndio waliotuachia majina ya Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Mabamba ya sanamu hizo yana maandishi ya lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Sitaki kuwasifia wakoloni. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa ufalme wao, na sanamu haziwezi kulipia maelfu ya wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya vita visivyowahusu. Lakini mkoloni yule, pamoja na kiburi chake, alijua kwamba ukimwekea mtu kumbukumbu barabarani huna budi kuandika kwa lugha anayoijua. Sisi, karibu miaka mia moja baadaye, tukiwa na Katiba ya 2010 inayokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, tunawaandikia mama mboga kwa lugha ya wafadhili, na mkalimani, mwanafunzi wa Kiswahili, anapokea bahasha yake.

Wengine watanijibu kwamba njia ya kuepuka haya yote ni kuiachia dola kazi. Dola ina fedha, ina viwanja. Sawa. Mwaka 1973, miaka kumi baada ya uhuru, Nairobi ilipata sanamu kubwa ya Mzee Kenyatta mbele ya jumba la mikutano la KICC. Aliyeichonga ni James Butler, Mwingereza. Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, alingoja hadi 2007 ndipo akapata sanamu katikati ya jiji, miaka hamsini kamili. Hiyo angalau ilichongwa na Mkenya, Kevin Oduor. Tom Mboya aliuawa kwa risasi Julai 1969 katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue, na sanamu yake karibu na hapo ilifunguliwa 2011. Nazipenda sanamu hizi mbili za mwisho. Zimewekwa wanakopita watu kwa miguu. Mtu humwambia mwenzake tukutane hapo, na hiyo ndiyo heshima ambayo sanamu inaweza kuomba. Lakini mwendo wa dola ni huo, na mtaa wetu hauna miaka hamsini.

Pingamizi linaloninyima usingizi ni lingine kabisa. Mwaka 2012 kundi la wasanii, wakishirikiana na mpigapicha Boniface Mwangi, walichora ukutani katikati ya Nairobi mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, amemkalia mwananchi. Walichora usiku. Hawakuomba idhini, hawakuitisha mkutano, hawakumwonyesha yeyote mfano wa udongo. Je, kanuni yangu ya kuulizana ingeuruhusu mchoro ule? Thubutu. Ungepelekwa kwenye kamati, na kamati ingemtoa tai ikaweka njiwa. Nimeliona hilo likitendeka: kila mkutano wa jamii niliowahi kuhudhuria humalizikia kwenye ramani ya Kenya, mikono miwili inayosalimiana na watoto wenye madaftari. Ushirikishwaji ukifanywa vibaya huzaa kuta zinazofanana na kalenda za benki.

Nimelifikiria hili kwa muda, na nilipofikia ni hapa. Waliochora tai walikuwa wakimsema mwenye nguvu. Hasara ya mchoro ule, kama ilikuwapo, ilikuwa yao. Wao ndio waliokuwa hatarini kukamatwa. Katiba yetu, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na uhuru huo uliwekwa kwa ajili ya mchoro wa namna hiyo. Mradi wa mtaani kwetu ulikuwa wa aina nyingine: mwenye nguvu ndiye aliyelipa, na hasara ikaenda kwa asiyekuwa na kitu. Kumwuliza mbunge kabla ya kumchora ni uoga. Kumwuliza mama mboga kabla ya kuchora juu ya mahali pake pa kazi ni adabu ya kawaida, ile ile tunayoitumia tunapobisha hodi. Anayezichanganya mbili hizi, akidai uhuru wa msanii katika zote, anajificha nyuma ya wenzake walio mashujaa kweli.

Wala sisemi kwamba mgeni hafai kuchora kwa watu. Elimo Njau ni mzaliwa wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a maisha ya Yesu, akamfanya Mwafrika, akamzungushia milima na mashamba ambayo waumini wangeyaona wakitoka mlangoni. Aliwatazama watu wa pale kabla ya kushika brashi. Michoro ile imepita miaka sitini. Ule wa mtaani kwetu una miaka miwili, umepauka upande wa magharibi, na mtu amembandika mama yule tangazo la mganga begani. Hakuna aliyetenga hata kopo moja la rangi kwa ajili ya kuurekebisha, maana mradi ulifungwa ripoti ilipopokelewa.

Naandika haya kwa sababu muhula ujao chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kimepewa ukuta. Ni ule wa nje, unaoelekea barabara ya soko, wenye urefu unaofika kwenye lango la chini. Tumeahidiwa rangi, na tumeambiwa mchoro uwe tayari kabla ya siku ya mahafali. Kuna pendekezo tayari la sura za waandishi wetu wakuu, jambo ambalo ningelishangilia mahali pengine. Lakini chini ya ukuta huo wapo mafundi viatu wawili, kijana wa kuchaji simu na bibi wa mahindi choma, na sijasikia mtu akiwataja katika kumbukumbu za mikutano yetu mitatu.

Katika mkutano ujao nitawasilisha mambo yafuatayo, na naomba atakayepinga apinge waziwazi. Kwanza tukutane pale pale ukutani, saa kumi jioni, wakati wao wapo. Tuwaulize kama wanautaka mchoro, na kama hawautaki tutafute ukuta mwingine. Wakikubali, tupate kwa maandishi kutoka kwa uongozi kwamba hakuna atakayeondolewa kwa sababu ya rangi yetu. Bila barua hiyo tusifungue hata kopo. Maneno yote yawe ya Kiswahili. Robo ya rangi ibaki stoo kwa ajili ya mwaka wa pili na wa tatu. Na tarehe ya mahafali isitajwe tena. Kama mchoro utakuwa nusu siku hiyo, wageni wauone ukiwa nusu, na bibi wa mahindi awe ameketi mahali pake.